Mbawakawa Arukaye kwa Mgongo, na Wanawe wa Chini ya Ardhi

Mvua za masika zinapoanza kushuka juu ya Nakuru, aghalabu baina ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili, na ardhi iliyokauka tangu Desemba ikapata kulainika, hutoka katika udongo, katika magogo yaliyooza na chini ya magome ya miti umati wa wadudu wenye mabawa, nao usiku huzikusanyikia taa za mabaraza kuanzia Bahati mpaka Njoro, hata asubuhi mwenye nyumba anapofagia hukuta mabawa ya kumbikumbi yametapakaa sakafuni, na nondo waliochoka, na baina yao mbawakawa mmoja mwembamba, mrefu wa mwili, wa rangi ya hudhurungi, amelala chali pasipo kutikisika. Mwenye ufagio humdhania kuwa maiti, na kudhani hivyo si ajabu, maana mdudu huyu amekunja miguu yake ikaingia katika mifuo iliyomo tumboni, na vipapasio vyake amevibana, wala haonyeshi dalili yoyote ya uhai. Kisha, pasipo onyo, hutoka mlio mkavu, naye hurushwa hewani, akapinduka mara kadhaa na kuanguka chini. Akiwa ameangukia miguu hukimbia kujificha, na akiwa ameangukia mgongo tena hupumzika kidogo, akarudia yale yale.

Wataalamu wa elimu ya wadudu wamemweka katika jamaa iitwayo Elateridae, ambayo spishi zake zilizokwisha kupewa majina ulimwenguni zapata 10,000, na ambayo hukaa katika mabara yote yenye mimea. Katika Bonde la Ufa la kati waweza kumwona kwenye nyasi za Rongai, kwenye vichaka vya leleshwa karibu na Gilgil, katika misitu ya Mau, na hata mjini penye ua lenye maua machache na taa moja. Hana sumu wala mwiba, na hili nalisema mapema kwa sababu msimu huo huo wa mvua ndio umletao yule mbawakawa mdogo mwekundu na mweusi ajulikanaye kwa watu wote kama Nairobi fly, ambaye akipondwa juu ya ngozi huacha majimaji yenye kuunguza na kutoa malengelenge. Na watu, kwa kumwogopa huyo, huwaua wote wanaofika kwenye taa pasipo kubagua. Mbawakawa arukaye kwa mgongo hastahili hukumu hiyo. Ukimshika baina ya vidole viwili, ubaya wake wote ni kukushtua kwa mlio wake.

Tuanze basi na mwili wake, kwa kuwa siri ya mruko imo humo. Mbawakawa wengine, kama wale wasukumao mavi ya ng'ombe, kifua chao kimeshikamana imara na sehemu za nyuma, wala hakiwezi kupindika sana. Lakini huyu pingili ya kwanza ya kifua chake ni kubwa, imefunika sehemu ya kichwa, pembe zake mbili za nyuma zimechongoka, na kiungo kiiunganishacho na pingili ya pili ni chepesi, chaweza kukunjuka kuelekea mgongoni na kukunjika kuelekea tumboni mfano wa bawaba. Upande wa chini wa pingili ile ya kwanza umeota mwiba mfupi, mgumu, wenye kuelekea nyuma, na nyuma yake, katika pingili ya pili, kuna kishimo kilichoumbwa kwa kadiri ya kuupokea mwiba huo. Hivyo viwili, mwiba na kishimo, ndivyo alama ya jamaa hii. Na mtu apendaye kuwa na yakini juu ya mdudu aliyemshika na amgeuze chali, atazame baina ya miguu ya mbele na ya kati. Wako mbawakawa wengine, wale wenye rangi za kumetameta wapendao jua kali, ambao kwa umbo wafanana naye mno, ila kifua chao hakina bawaba.

Anapotaka kuruka, mbawakawa aliye chali huukunja mgongo wake kwa namna ambayo kichwa na ncha ya mkia hugusa ardhi, na sehemu ya kati ikainuka. Kwa kufanya hivyo mwiba hutoka ndani ya kishimo na kusimama juu ya ukingo wake, ukazuiliwa hapo na msuguano. Sasa musuli mkubwa uliomo kifuani huanza kuvuta ili kuurejesha mwiba mahali pake, na mwiba haukubali, na musuli hauachi. Na katika ugomvi huo, ambao kwa macho yetu hauonekani, ngozi ngumu ya mdudu hupindika kidogo na kuhifadhi nguvu yote iliyotumika. Mtu abanaye kidole cha kati juu ya kidole gumba, akaongeza nguvu mpaka vikateleza na kidole kikapiga kiganja kwa kishindo, ameiga kanuni hiyo hiyo, maana mkono wake wenyewe usingaliweza kukipa kidole mwendo wa haraka namna ile pasipo kukizuia kwanza. Hatimaye mwiba huteleza, huingia kishimoni kwa ghafula, sehemu mbili za mwili hufyatuka juu ya bawaba, mgongo hukisukuma kile kilichouzuia, na mdudu huenda juu. Miguu haikufanya kazi yoyote.

Kadiri ya nguvu hiyo imepimwa. Mwingereza M. E. G. Evans, aliyechapisha matokeo ya uchunguzi wake mwaka 1972 na 1973, alimchukua mbawakawa mmoja wa Ulaya mwenye uzito wa miligramu 40 tu, akampiga picha za kasi, akaona kwamba aweza kufika urefu wa sentimita 30 kwenda juu, na kwamba anapoiacha ardhi mwendo wake ni kama mita 2.4 kwa sekunde, alioupata katika muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nguvu inayoushika mwili wake katika muda huo mfupi ni kama mara 380 ya ile itushikayo sisi sote ardhini. Rubani wa ndege za vita, akiwa amevaa mavazi maalumu na kufanyiwa mazoezi ya miaka, akipatwa na mara tisa tu ya nguvu hiyo huwa karibu na kuzirai. Na mdudu huyu, ambaye hakuna aliyemfundisha, huistahimili mara 380 na kuirudia baada ya kupumzika kidogo, akaondoka mzima. Mimi kila ninapoisoma hesabu hii hustaajabu upya, wala sidhani kwamba mazoea yatanipunguzia mastaajabu hayo.

Swali lililobaki kwa miaka mingi lilikuwa hili: musuli wa kawaida hauwezi kujikunja kwa haraka ya namna hiyo, basi nguvu hukaa wapi kabla ya kufyatuka, na ikishafyatuka husimamishwa na nini hata kifua kisipasuke? Mwaka 2021 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, miongoni mwao Ophelia Bolmin, Marianne Alleyne na Aimy Wissa, walitangaza kwamba wamemwangaza mbawakawa aliye hai kwa miale ya eksirei yenye nguvu nyingi, wakapiga picha za kasi za mwiba wake ulivyokuwa ukiteleza ndani ya mwili. Waliona kwamba nguvu hukusanywa polepole katika sehemu zinyumbukazo za ngozi, kisha huachiliwa kwa mara moja, na kwamba mwili wenyewe una namna ya kuupoza mtikisiko unaofuata. Miaka miwili baadaye wakatangaza roboti ndogo mno zirukazo kwa kanuni hiyo, wakiwa na tamaa kwamba siku moja vyombo vya aina hiyo vitaweza kuingia ndani ya mitambo mikubwa, mahali ambapo mkono wa fundi haufiki, na kukagua yaliyomo. Elimu hiyo yote imetoka kwa kiumbe ambaye huku kwetu hufagiwa pamoja na mabawa ya kumbikumbi.

Yapasa hata hivyo kusema kwamba mruko huu si kamili kama unavyoonekana. Gal Ribak na Daniel Weihs, wataalamu wa Israeli, walionyesha mwaka 2011 kwamba mbawakawa hana uwezo wa kuchagua upande atakaokwenda. Umbo la mwili humlazimisha kupaa karibu wima, na kuanguka kwa miguu au kwa mgongo ni jambo la bahati, mara hivi na mara vile. Tena juu ya majani makavu yaliyolegea hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na huruka chini zaidi kuliko juu ya sakafu ngumu. Kwa nini basi akaumbwa hivi? Jawabu moja ni miguu yake, ambayo ni mifupi mno kwa urefu wa mwili, hata akiwa chali juu ya kitu laini haiwezi kuigusa ardhi ikampindua. Jawabu la pili ni adui. Ndege amdonoaye, mjusi amshikaye kwa taya, kinyonga aliyemvuta kwa ulimi, wote huwa na tamaa ya windo lisilo na ubishi. Ghafula windo hufyatuka mdomoni kwa mlio na mtikisiko, na katika lahadha ile ya mshtuko mdomo hulegea. Na ikiwa hilo halikutosha, hurudi kwenye hila yake ya kwanza, akajifanya maiti.

Jamaa hii ina watu wa namna nyingi. Aliye mkubwa kupita wote katika Afrika ni wa jenasi ya Tetralobus, mwenye urefu uwezao kufika sentimita 8, mzito, mwenye vinyweleo vya rangi ya kijivu au kahawia juu ya mabawa magumu, na dume lake lina vipapasio vilivyotandazwa kwa matawi. Mabuu wake hukaa ndani ya vichuguu vya mchwa, na mchwa ndio chakula chao. Katika nchi za joto za Amerika wako wengine wenye kutoa nuru. Jenasi ya Pyrophorus ina madoa mawili ya kung'aa kifuani, yenye mwanga wa kijani kibichi ulio thabiti, ambao hauwakiwaki kama ule wa vimulimuli wa huku kwetu. Na huko Brazili mabuu wa ndugu zao hutoboa vichuguu na usiku huvitia taa ndogo ndogo ili kuwavuta wadudu wanaoruka. Kuhusu umri wa jamaa, mabaki yake yaliyogeuka mawe yamepatikana katika matabaka ya zama za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita, ilhali Bonde la Ufa lenyewe lilianza kupasuka makumi machache tu ya mamilioni ya miaka iliyopita, na Menengai, mlima uliobomoka ukaacha shimo la upana wa kilomita kama 12 nyuma ya mji wa Nakuru, ni wa juzi kabisa mbele ya hayo. Wadudu hawa walikuwako wakiruka kabla ya kuwako bonde.

Hayo yote ni habari za maisha ya juu ya ardhi, nayo ni sehemu fupi ya umri wake. Mbawakawa mzima huishi majuma au miezi michache, akanywa utamu wa maua, akatafuna chavua au majani kidogo, akapandana, na jike likashuka kutaga mayai katika udongo wenye unyevu, khasa palipo na nyasi nyingi au magugu. Mayai yakianguliwa baada ya majuma machache, hutoka buu. Na buu huyu ndiye aishiye muda mrefu, maana katika nchi za baridi spishi nyingine hukaa udongoni miaka minne au mitano kabla ya kuwa pupa, na katika nchi za joto aghalabu muda huo hupungua. Kwa hiyo mdudu tumjuaye kwa jina la mbawakawa ni tamati tu ya kisa kirefu kilichopita gizani.

Buu huyo ni mwembamba, wa mviringo, mwenye ngozi ngumu inayong'aa, rangi yake baina ya manjano na kahawia, na nyuma ya kichwa ana jozi tatu za miguu midogo. Ukimkunja kwa vidole hakunjiki kwa urahisi, na kwa ugumu wake huo lugha nyingi za dunia zimempa jina la waya. Nasi hapa na tumwite buu wa waya. Hana macho ya kumfaa huko aliko, lakini huihisi hewa ya kaboni dioksidi itokayo kwenye mizizi na mbegu zinazochipua, akaifuata mpaka kwenye asili yake. Hatafuni chakula akakimeza kama kiwavi. Hutema kwanza majimaji yenye kuyeyusha, kisha hufyonza kile kilichokwisha kuyeyuka. Ardhi ya juu ikikauka au ikipata joto kali hushuka chini, na unyevu ukirudi hupanda tena. Kwa sababu hiyo mkulima achimbaye shamba Februari asione buu hata mmoja, hana haki ya kusema kwamba hawamo.

Na hapa ndipo historia ya nchi hii inapoingia katika habari ya mdudu. Bonde la kati, kuanzia Naivasha kupita Nakuru mpaka Rongai, lilikuwa kwa muda mrefu nchi ya nyasi ya Wamaasai na ng'ombe wao, hata mapatano ya mwaka 1904 yalipowahamisha kwenda Laikipia ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Walowezi walijaribu kondoo, wakajaribu ng'ombe, kisha wakageukia ngano, na nyasi zilizokuwako tangu kale zikapinduliwa kwa plau. Mwaka 1927 serikali ikaweka Njoro kituo cha kuzalisha mbegu za ngano, ambacho leo ni sehemu ya taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Baada ya uhuru mashamba mengi makubwa yaligawanywa, na penye ngano na malisho pakawa na makonde madogo ya mahindi, maharagwe na viazi. Sasa yafaa ijulikane kwamba nyasi ndiyo makao ya asili ya mabuu wa waya wengi, wakila mizizi midogo isiyohesabika pasipo mtu kuona hasara yoyote, na kwamba nyasi zikilimwa, mabuu waliokuwa wametawanyika katika chakula tele hujikuta wana safu chache tu za mbegu. Waingereza waliyaona haya kwao katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walipolima malisho ya zamani kwa haja ya nafaka, mimea ikafa ingali michanga, hata ikabidi serikali yao ifanye uchunguzi wa udongo nchi nzima ili kujua ni mashamba gani yenye mabuu wengi. Mkulima wa Kuresoi au Mau Narok alimaye konde lililolala miaka mitano katika nyasi amesimama mbele ya kanuni ile ile.

Zao limwonyeshalo buu huyu waziwazi kuliko mengine ni viazi, waru kama waitavyo wengi wa wenyeji, ambavyo katika Kenya ni chakula cha pili baada ya mahindi, na ambavyo Molo, Kuresoi, Njoro na Mau Narok huvitoa kwa magunia. Buu hutoboa kiazi tundu jembamba, lililonyooka, lenye kingo safi, la upana wa msumari mdogo. Mahindi nayo hushambuliwa mbegu ingali udongoni au shina lingali changa, na mche hunyauka ukang'oka kwa kuvutwa kidogo. Kiazi kilichotobolewa chaweza kuliwa kikimenywa, lakini mnunuzi hukikataa, na kwa njia ya matundu yale uozo huingia ghalani.

Walakini si kila tundu ni la buu wa waya, na katika jambo hili watu wengi wamehukumu pasipo ushahidi. Kiwavi wa nondo wa viazi huacha njia yenye kupindapinda iliyojaa mavi yake. Viwavi wakatao miche hufanya mashimo mapana. Jongoo huingia penye jeraha lililokwisha kufanywa na mwingine, akalaumiwa yeye. Wako pia mabuu wa waya wa bandia, ambao ni wana wa jamaa nyingine ya mbawakawa, wafananao na hawa kwa rangi na ugumu, ila miguu yao ya mbele ni minene zaidi na vipapasio vyao huonekana kwa urahisi. Mmoja wao, Gonocephalum simplex, amejulikana kwa muda mrefu katika mashamba ya kahawa ya Kenya, ambako mbawakawa mzima ndiye aharibuye, wala si buu.

Na hata baina ya mabuu wa waya wa kweli, wengi hawana hatia. Jamaa kubwa kama hii haiwezi kuwa na tabia moja. Wako waishio ndani ya magogo yaliyooza, wakisaidia kuyageuza kuwa udongo. Wako wawindaji, ambao huwafuata mabuu wa mbawakawa wengine katika mashimo yao na kuwala. Wako walao hiki na kile kadiri ya majira. Spishi ziharibuzo mazao ni chache zikilinganishwa na jamaa nzima, na mtu auaye kila buu mgumu aonekanaye chini ya jembe yamkini anawaua walinzi wake pamoja na wezi.

Kwa miaka mingi ya karne iliyopita dawa iliyopendekezwa duniani juu ya mabuu hawa ilikuwa ya jamii ya aldrini, dieldrini na lindani, zilizochanganywa na udongo au kupakwa mbegu. Ziliua kweli, na sifa yake kubwa mbele ya wauzaji ilikuwa kwamba hazipotei upesi. Lakini sifa hiyo ndiyo iliyokuja kuwa balaa yake, kwa kuwa hukaa miaka na miaka, hujilimbikiza katika mafuta ya miili ya wanyama, na hupanda kutoka kwa mdudu kwenda kwa ndege na kutoka kwa samaki kwenda kwa mtu. Aldrini na dieldrini ziliwekwa katika orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, na lindani ikaongezwa mwaka 2009. Jambo hili lina uzito wake maalumu katika Nakuru. Mto Njoro huteremka kutoka Mau ya mashariki, ukapita katikati ya mashamba, ukaingia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto utokao. Maji huliacha kwa kupaa kama mvuke tu, na vyote visivyoweza kupaa hubaki. Mahali palipofanywa hifadhi ya ndege mwaka 1961, hifadhi ya taifa mwaka 1968, na mwaka 1990 pakaandikwa kuwa pa kwanza nchini Kenya katika orodha ya maeneo yenye maji ya Mkataba wa Ramsar, panategemea adabu ya wale walimao juu yake. Nami sioni namna nyingine ya kulisema hili: mtu amwagaye sumu udongoni kwa kubahatisha, pasipo kujua kama adui yumo, anawadhulumu walio chini ya mto.

Kujua kama yumo si kazi ngumu. Majuma mawili au matatu kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu, kiazi hukatwa vipande, kila kipande kikachomekwa kijiti na kufukiwa kwa kina cha kama sentimita 10, kijiti kikibaki juu kuwa alama, katika sehemu mbalimbali za konde, na khasa zile zilizokuwa na nyasi. Baada ya siku chache vipande hufukuliwa, na mabuu waliovutwa na hewa yake hukutwa wamo ndani au kandokando. Konde likionekana lina wengi, ni afadhali msimu ule lisipandwe viazi, bali maharagwe au njegere, ambazo huvumilia zaidi, na magugu ya nyasi yaondolewe mapema ili majike yasipate mahali pa kutagia. Kulima mara mbili kabla ya kupanda huwatoa mabuu juu, na yeyote aliyesimama nyuma ya trekta huko Njoro amewaona yangeyange na kwarara, na katika miezi ya Novemba mpaka Machi korongo weupe waliotoka Ulaya, wakifuata mtaro mpya hatua kwa hatua. Kazi yao ni ya bure na hufanywa vizuri. Na viazi vikishakomaa vichimbwe, kwa kuwa kila juma vinalokaa ardhini pasipo haja ni juma la matundu zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu wa shule, kijana wa chama cha wakulima, au mtu yeyote mwenye subira aweza kulifanya kwa faida ya wengi. Mabuu ni wagumu kutambulika kwa spishi, hata kwa mtaalamu, ilhali mbawakawa mzima hutambulika kwa urahisi zaidi. Basi buu aliyepatikana shambani na awekwe katika kopo lenye udongo wa konde lile lile, apewe kipande cha kiazi au punje za ngano zilizochipua, kifuniko kitobolewe matundu madogo, na udongo usiachwe ukakauka wala kulowa. Aweza kukaa hivyo miezi mingi, akijivua ngozi mara kwa mara, mpaka siku atakapojifanyia chumba kidogo na kuwa pupa, na majuma machache baadaye akatoka akiwa na mabawa, na mwiba wake kifuani. Hapo awekwe katika spiriti, na juu ya chupa iandikwe kwa kalamu ya risasi mahali alipotoka, tarehe aliyochimbwa, zao lililokuwa shambani, na lile lililotangulia. Kisha chupa ipelekwe kwa watafiti wa KALRO Njoro, au katika Chuo Kikuu cha Egerton kilicho jirani nao, au idara ya wadudu ya Makumbusho ya Taifa huko Nairobi. Mdudu asiye na karatasi ya mahali na tarehe hana faida kwa mtafiti, hata akiwa mzuri namna gani.